Kuwauliza watu wa visiwani kuhusu sola: shajara ya fundi wa Moshi

Kibanda changu kiko pembeni ya soko la Mbuyuni, Moshi. Nafunga sola, natengeneza redio, na masika ikikaza nauza vocha tu. Shajara hii naiandikia mafundi wenzangu wenye mawazo ya kupeleka kazi visiwani, kwa sababu kuna makosa nimeyalipia kwa hela yangu na sioni haja ya mwingine kuyalipia tena. Nitakuwa naongeza kila hatua inapokamilika. Gharama zote ni shilingi za mfukoni kwangu, hakuna mfadhili.

Jumamosi, 1 Februari 2025: wazo lilipotokea

Ng'ambo ya njia kuna mama anauza dagaa. Kwao ni Ukerewe, kaolewa huku uchagani miaka mingi. Leo kaniletea taa yake ya kuchaji imekufa, na nilipokuwa naifungua akaniuliza kwa nini mafundi wa Moshi hatufiki kwao. Kisiwa cha Ukara, jirani na kwao, kijiji cha Bwisya kina mtambo wa jua tangu 2016, umeme unapita kwenye nguzo kama mjini. Lakini Ziwa Victoria lina visiwa vingi, na vingine vidogo vya wavuvi watupu havina nguzo hata moja. Huko ni jenereta, betri ya gari na taa kama hii.

"Hela ipo, fundi. Dagaa wakitoka hela ipo. Wewe njoo na mzigo."

Nusura nikakope jioni ileile. Kilichonizuia ni kumbukumbu ya mwaka 2022. Tulifunga sola nyumba kumi na moja kwenye kijiji kimoja huku mlimani. Watu walipiga makofi, mwenyekiti akasema mradi wameupokea kwa mikono miwili, tukanywa mbege. Baada ya mwaka na nusu nikapita njia hiyo kwa shughuli ya msiba. Nyumba tisa zilikuwa gizani. Paneli moja nimeikuta imekuwa mlango wa banda la kuku, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kuku wenyewe wanaipenda. Namba yangu ya simu ilikuwa imebandikwa kwenye kila boksi na hakuna hata mmoja aliyenipigia. Nilipomuuliza mzee mmoja sababu, akaniambia taratibu: "Tuliona aibu, kijana. Wewe si ulisema haiharibiki?"

Kweli nilisema.

Kwa hiyo safari hii nauliza kwanza, mzigo baadaye. Nauli ya kwenda ziwani na kurudi sina, ila watu wa visiwani ninao hapahapa Moshi. Mpango ni huu: naanza na wanaoishi hapa, kila mmoja ananipa ndugu zake watatu walioko kwao, nawapigia. Minyororo miwili: mama wa dagaa kwa upande wa ziwa, na Mpemba mwenye duka la vitambaa kwa upande wa bahari. Mdogo wangu wa kike, mwalimu wa hesabu shule ya msingi, atashika daftari. Gharama mpaka sasa: hakuna.

Jumapili, 16 Februari 2025: maswali 22, yote ya kutupa

Niliandika maswali 22 kwa lugha niliyoiokota kwenye ripoti. Kurasa tatu, nakala 40, shilingi 12,000 za kudurufu. Swali la kwanza: "Je, una mtazamo gani kuhusu kuhamia kwenye nishati jadidifu?" Yaani nishati isiyoisha, kama ya jua.

Mama wa dagaa alilisoma mara mbili, akaandika jibu refu. Akampa na mwenzake wa kibanda cha pili, akaandika, na mwenzake tena. Nikarudi nyumbani nimefurahi. Usiku mdogo wangu anasoma kwa sauti: "Tunaipenda sana ila miti imekwisha." La pili: "Moshi unaumiza macho." Wote watatu walielewa *nishati ya jadi*. Walikuwa wananieleza habari za kuni!

Nakala 37 zilizobaki nimempa mama, anafungia dagaa wa mia tano. Baadhi ya wateja wa Mbuyuni wiki hii wamepeleka nyumbani mtazamo wao kuhusu nishati jadidifu bila kujua.

Dawa: neno ambalo mtu halitumii akigombana na mkewe kuhusu bili, sitalitumia mimi. Tumebaki na *sola*, *umeme wa nguzo*, *jenereta*, *betri*, *karabai*. Maswali yamepungua kutoka 22 hadi saba.

Jumamosi, 8 Machi 2025: chai mwezi wa Ramadhani

Kosa la leo silisamehi haraka. Nimenunua chapati na chai ya maziwa kwenye chupa, shilingi 6,500, nikaingia dukani kwa Mpemba saa nne asubuhi, nikamimina vikombe viwili. Akanitazama.

"Mangi, leo mwezi wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Mie nauliza mwezi wetu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akacheka tu, akaniambia chai nikawape makuli, nirudi baada ya futari. Jioni nimerudi nimekuta muhogo wa nazi, tambi na kaimati, nimekula kama mwenyeji, na mazungumzo yakaenda mpaka saa nne usiku. Kumbe mtu aliyefuturu na kupumzika anazungumza mara tatu ya mtu aliyesimama nyuma ya kaunta anakatiza maneno kila mteja anapoingia. Hasara ya chapati imerudi na faida.

Swali langu la pili kwake lilikuwa: "Uko tayari kuhama kutoka umeme wa dizeli kwenda wa jua?"

"Dizeli ipi? Hiyo ya Wesha ishapita zamani. Sisi twatumia wa waya."

Hapo ndipo niliposomeshwa. Pemba walitegemea majenereta ya Wesha mpaka 2010, ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga. Unguja walikuwa na waya wao tangu 1980, ukitokea Dar es Salaam, na ndio uliowatia adabu: 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme, na kuanzia Desemba 2009 kikakaa gizani miezi mitatu. Mkewe ni mtu wa mjini Unguja. Akatoka ndani na kitambaa cha kufutia mikono, akaeleza yeye mwenyewe: taa si kitu, kandili zilikuwepo. Kilichowatesa ni maji, maana pampu hazikuzunguka. Ndoo ilikuwa inatafutwa mtaa hadi mtaa, wenye majenereta wakawa wafalme. Waya mpya mkubwa umefika Unguja 2013, lakini ukimtajia umeme mama yule mpaka leo anakutajia ndoo.

Mimi nikaona nimepata la kujibu. Nikamwambia Mpemba kwamba maji ya Mlima Kilimanjaro na ya Meru yanashuka bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mashine pale, yanafuata mto Pangani, yanazungusha tena Hale na Pangani, ndipo yanaingia baharini upande wa Tanga, kulekule unakotokea waya wenu. Umeme wa gridi umechanganyika, hauna jina la mtu, ila na ya kwetu yamo.

"Ala! Basi kwetu Chake twawasha taa kwa maji ya mlima wenu?" Akamgeukia mkewe. "Hawa Wachaga hawakosi. Mangi, mnatudai kiasi gani?"

Makosa mawili niliyoyaona usiku huo. Kwanza, nilikuwa nauliza watu wanahamia *wapi* kabla ya kujua wako *wapi*. Mtu wa waya, mtu wa mtambo wa kijiji na mtu wa kila nyumba na betri yake ni watu watatu tofauti, na swali moja haliwatoshi. Pili, nilimuuliza kuhusu Luku akanikodolea macho. Zanzibar mita ya kulipia kabla wanaiita Tukuza. Fundi ukisema Luku kule umeshajitambulisha kuwa mgeni kabla hujafungua kisanduku cha vifaa.

Swali la kwanza sasa linasomeka: "Jana usiku, taa ya nyumbani kwenu iliwashwa na nini?" Jibu lake ndilo linaloamua daftari gani mdogo wangu alifungue.

Jumapili, 30 Machi 2025: kumpigia mvuvi usiku wa giza

Vifurushi vya dakika: 15,000. Simu nilizopiga upande wa ziwa: 14 kwa siku mbili. Zilizopokelewa: nne. Mbili ni wake zao ("kalala, usimwamshe"), moja mtoto akacheza nayo mpaka dakika sita zikaisha, na ya nne kijana mmoja alinitukana kwa Kiswahili fasaha kabisa.

Nikamlaumu mama wa dagaa kwamba ndugu zake hawana ushirikiano. Aliweka kopo la kupimia chini ili acheke vizuri.

"Giza hili ndio unampigia mvuvi?"

Dagaa wanavuliwa kwa taa. Mwanga unawavuta juu, na hiyo inafanya kazi usiku usio na mwezi. Kwa hiyo mwezi ukiandama wavuvi wako majini usiku kucha, mchana wamelala kama magogo. Mbalamwezi ikitoka taa haina maana tena, wanapumzika, wanashona nyavu, wanakaa na simu. Na mimi nilikuwa nimechagua tarehe hizo kwa sababu ni wikiendi.

Dawa: kalenda ya mwezi imebandikwa ukutani kibandani. Wavuvi nitawapigia katikati ya mwezi ujao, mwezi ukiwa mpevu. Kumbe mmoja anataka nifuate mwezi wa kufunga, mwingine mwezi wa kuvua. Kalenda ya dukani haisaidii kitu.

Jumatatu, 14 Aprili 2025: "jua si la bure"

Masika imeshuka. Siku tatu mlima hauonekani, umeme wa nguzo umekatika tangu jana, na betri ya kibanda changu mimi, fundi wa sola, inawaka taa nyekundu. Nimeazima pawabenki kwa muuza nyanya ili nipigie watu simu za kuwauliza habari za sola. Nimeandika hili kwa uaminifu wa shajara tu.

Lakini simu zimepokelewa! Kumi na mbili kwa siku mbili, vifurushi 20,000. Kumbukumbu ya simu ilijaa katikati, mazungumzo mawili hayakurekodiwa mpaka nikanunua kadi ya 12,000.

Mazungumzo yaliyonigeuza ni ya kaka yake mama wa dagaa, yuko kwenye kisiwa kidogo cha wavuvi. Nilianza na wimbo wangu wa siku zote: sola ni nzuri kwa sababu jua ni la bure.

"La bure kwa nani?" akauliza.

Nikanyamaza.

"Shemeji, sisi dagaa tunawaanika kwa jua. Jua likiwaka tangu asubuhi, jioni tunafunga magunia. Jua likigoma siku mbili, wanaoza, tunawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Mwezi wa nne mwaka jana nimemwaga magunia manne. Wewe unaniambia jua la bure?"

Hapo nikaona ujinga wangu. Nilidhani nampelekea habari mpya za jua mtu ambaye riziki yake yote imelala mchangani inalitazama jua. Na upande wa bahari ni hivyohivyo: mtu wa Pemba anaanika karafuu kwenye majamvi, na wingu likitokea nyumba nzima inatoka mbio kuanua. Hawa wanalijua jua kwa hasara na faida kuliko sisi tunaolipima kwa mita.

Nikamwomba anieleze habari za taa. Zamani ilikuwa karabai: unapampu, unawasha, inaunguruma. Ilikuwa inakula mafuta ya taa usiku kucha, na tone moja la maji likirukia kioo cha moto, kioo kimekwenda. Siku hizi wengi wametupa karabai wamehamia taa za betri, nyingine wanazichaji kwa sola. Hakuna semina iliyowahi kufika kisiwani kwake kuwahimiza. Mwenye mtumbwi mmoja alibadilisha, wenzake wakamwona hanunui mafuta, msimu uliofuata wakabadilisha.

"Sasa sola unaipenda?"

"Naipenda. Na jenereta ninayo."

Sasa jibu kama hilo liandikwe wapi? Kwenye karatasi yetu kulikuwa na safu mbili: *anakubali* na *anapinga*. Wenye kung'ang'ania jenereta mdogo wangu alikuwa anawaandika wanapinga. Nikamuuliza kaka kwa nini asiuze jenereta. Jibu lake nimelisikiliza mara tatu kwenye rekodi:

"Mawingu yakija yananipiga mara mbili. Dagaa hawakauki, na betri haijai. Siku ambayo sina hela ndiyo siku ambayo sina taa. Sasa hiyo siku nitategemea nini?"

Fundi mwenzangu, hilo lisome tena. Sisi mjini wingu likikaa tunapungukiwa umeme tu, mshahara unaingia palepale. Kwake yeye mapato na umeme vimefungwa kamba moja. Jenereta lake ni kamba ya pili. Safu ya kukubali na kupinga tumeifuta kwa wino mwekundu, na watu watano tuliokuwa tumewaandika wapinzani tumewapigia tena. Wanne wana sola tayari.

Jumamosi, 26 Aprili 2025: maharage

Tatizo lililobaki ni adabu. Ukimuuliza mtu wetu kuhusu kitu unachouza, atakwambia ni kizuri. Hata yule aliyenitukana Machi, nilipompata akiwa ameamka, aliniambia sola ni nzuri sana, Mungu akubariki.

Mdogo wangu akaleta ujanja wa darasani. Kilo ya maharage, 3,000. Kila mtu punje kumi, azigawe kwenye makopo matano kulingana na kinachomtia wasiwasi: bei, betri kufa, wizi, kushindwa kuvuta friza, kukosa fundi. Leo ni sikukuu ya Muungano, soko limetulia, tukakaa watu tisa wa visiwani, wa ziwa na wa bahari pamoja.

Mara ya kwanza tuliharibu. Makopo yalikuwa wazi mezani, mzee wa kwanza akaweka punje zote kumi kwenye *bei*, na wote waliomfuata wakaweka kwenye *bei*, maana nani atampinga mzee? Mara ya pili tumeyaficha makopo nyuma ya magunia, kila mtu anaingia peke yake, mifuniko ina tundu. Tulipomwaga, kopo la *fundi* lilikuwa zito kuliko yote, *friza* likafuata. *Bei* ilikuwa ya tatu. Mimi ningeweka kichwa rehani kwamba ni bei.

Kwa simu maharage hayapiti, kwa hiyo tumelitafutia swali la kufanana nalo, na mpaka leo ndilo bora tulilonalo: "Mara ya mwisho taa au betri yako ilipoharibika, ulifanya nini, na ilichukua siku ngapi?" Hakuna anayeweza kulijibu kwa adabu tu. Lazima akumbuke. Mmoja alipakia betri kwenye boti la abiria mpaka Nansio, mji wa Ukerewe, fundi hakuwepo, ikarudi, ikaenda tena wiki iliyofuata. Mwingine alimpa kijana wa jirani akaifungua kwa bisibisi na ikawa ndio mwisho wake. Mama mmoja wa Unguja akasema paneli yake iko uvunguni, "inangoja fundi," na nilipouliza tangu lini, akataja darasa alilokuwa mwanawe. Mtoto huyo sasa ana watoto.

Maharage tumeyapika jioni na ndizi.

Jumapili, 11 Mei 2025: visiwa vya wenzetu, na hisa za elfu ishirini

Nilikuwa nimesoma habari za visiwa vya mbali vilivyohama. Nikajaribu kuzisimulia kibandani badala ya kuuliza maswali, nione watu watashika wapi.

Eigg, kisiwa kidogo cha Scotland. Wakazi walikinunua 1997, na Februari 2008 wakawasha umeme wao wenyewe wa maji, upepo na jua. Lakini waliwekeana kikomo: kila nyumba kilowati tano kwa wakati mmoja, biashara kumi. Ikabidi nieleze kwamba pasi ni kama kilowati moja, birika la umeme mbili au tatu, wakaona tano si haba.

Mpemba akaafiki papo hapo. Kikomo ni haki, akasema, ilimradi na mkubwa kinamkuta. Mama wa dagaa akaja juu:

"Na nani ataamua mimi ni nyumba au ni biashara? Friza yangu iko chumbani kwangu, karibu na kitanda. Nikilala ni nyumba, nikiuza sangara ni biashara. Waniwekee kikomo kipi?"

Walibishana dakika arobaini. Nimepata humo zaidi ya nilichopata kwenye simu za mwezi mzima: nani anaaminika kushika ufunguo, mwenyekiti asipewe, mgeni asipewe, apewe mwanamke mwenye duka kwa sababu hawezi kukimbia na mzigo wake.

Kisha Samsø, Denmark. Serikali yao ilikichagua 1997 kiwe kisiwa cha mfano. Kufikia 2000 walikuwa na mitambo 11 ya upepo nchi kavu, na 2003 mingine 10 baharini. Kilichowavutia wasikilizaji wangu ni umiliki: mingine ya wakulima mmoja mmoja, mingine ya hisa za wakazi, na ya baharini mingine ya halmashauri yao. Mzee mmoja muuza halua, ambaye huwa hazungumzi, akasema: "Ndiyo maana hawalalamiki kelele. Mtoto wako akilia usiku ni mtoto analia. Wa jirani akilia ni kelele."

Nikafurahi sana na siku ile. Kesho yake asubuhi kijana mmoja kaja na shilingi 20,000 kwenye bahasha. Za nini? Za hisa. Alielewa naanzisha mtambo, na tayari alikuwa amewaambia wenzake wawili walioko Pemba. Nimetumia siku nzima na kifurushi cha 10,000 kueleza kwamba hakuna mtambo, hakuna hisa, hakuna kampuni. Hela yake nimemrudishia mbele ya Mpemba ili awepo shahidi.

Dawa: sentensi ya kwanza ya kila mazungumzo sasa ni "Siuzi kitu leo, na sikusanyi hela." Tunaisema pia mwishoni. Ukitaka kunakili kazi hii, hiyo usiiruke hata kama unaongea na shangazi yako.

Jumamosi, 31 Mei 2025: hesabu

Kudurufu mara mbili 15,000. Chai ya aibu 6,500. Vifurushi 45,000. Kadi ya simu 12,000. Maharage 3,000. Bodaboda za mdogo wangu kutoka Pasua 9,000. Jumla 90,500. Mkopo niliokuwa nauwaza Februari ulikuwa milioni mbili na nusu.

Tumezungumza na watu 27, tisa wa hapa na 18 walioko visiwani. Si wengi, na wote ni ndugu wa ndugu, kwa hiyo asije mtu akasema visiwa vyote vina mawazo haya. Nilichokiona mimi ni kwamba karibu wote sola wanaitaka, na hilo peke yake halinisaidii chochote. Wa waya wanaitaka iwe ya akiba, hasa ya pampu ya maji, maana 2008 haijawatoka. Wa kila mtu na betri yake wanaitaka pamoja na jenereta. Na wote, ukiwachokonoa, wanarudi kwenye kopo lilelile: ikifa, nani anakuja?

Jana nimempigia kaka wa mama wa dagaa kumweleza matokeo. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza yeye sasa:

"Na wewe shemeji uko Moshi. Betri ikifa saa nane usiku, giza, niko majini, nakupigia nani?"

Nimeshindwa kujibu. Nikamwambia nitampigia kesho. Usiku tumekaa na mdogo wangu, na leo nimempa jibu: mzigo sileti. Anitafutie kijana wa hapo kisiwani, aliyetulia, anayejua kusoma, aje kibandani kwangu nimfundishe mwezi mmoja. Kula na kulala kwangu, nauli tugawane nusu kwa nusu.

Akasema atamleta mwanawe. Nikamuuliza lini. "Mbalamwezi," akasema, kama vile nilipaswa kujua.

Jumanne, 10 Juni 2025: mwanafunzi

Kijana ameshuka stendi usiku wa jana. Kavaa shati la mikono mifupi, anatetemeka, ana begi dogo na gunia la dagaa linalonukia basi zima. Mama wa dagaa kamletea sweta la mumewe, linamfika magotini.

Leo saa mbili tumefungua kibanda. Nikatoa paneli ya mafunzo, ile iliyokuwa mlango wa banda la kuku, niliinunua kwa wenyewe nikaisafisha. Nikaitega, nikamkabidhi mita, nikamwonyesha pa kushika waya mwekundu na mweusi. Namba ikatoka ndogo ya kusikitisha. Juni ya Moshi ilikuwa imeshajifunika, mlima hauonekani, anga yote kijivu kama sufuria.

Akaangalia mita, akaangalia juu, akaniangalia mimi.

"Fundi, na hapa ndipo mnapofundishia sola?"

Tukaanza na betri.